Rangi ya Kucha Mgongoni

Mlezi wa wanyama katika bustani ile alikuwa mama mtu mzima, na pacha wake aliolewa mbali, ng'ambo ya bahari. Haikupita siku asimkumbuke, ila simu hakupiga. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Banda lake lilikuwa la ukoo mmoja wa ajabu. Kwenye tawi alining'inia slothi, mvivu asiyeona haya. Pembeni aliishi mla-mchwa, pua ndefu kama mrija. Chini mchangani alichimba armadilo, gamba lake la mikanda mikanda, utadhani kavaa ngao. Daktari wa wanyama alisema hao ni ndugu.

"Ndugu gani hawafanani hata kidogo?" mlezi akauliza.

"Undugu si sura, mama."

"Basi kamwambie armadilo. Yeye kazaa wanne, sura moja."

Na kweli, wale wanne walitoka yai moja, wakafanana kama shilingi kwa ya pili. Ili asiwachanganye, mlezi aliwapaka rangi ya kucha mgongoni: huyu nyekundu, huyu nyeupe, huyu buluu. Wa nne hakumpaka kitu. Huyo ndiye aliyezoea kujiingiza kwenye mfuko wa aproni yake na kulala humo yeye akifagia.

Ikaja habari kwamba watatu wanahamia bustani nyingine, mmoja abaki na mama yake. Mlezi akaomba aachiwe yule asiye na rangi. Akakubaliwa.

Asubuhi ya safari huruma ikamzidi. Akawamwagia mchanga mpya, mbichi, wachimbe pamoja kwa mara ya mwisho. Watoto wakachimba, wakajisugua, raha mustarehe. Walipoibuka, migongo yote ilikuwa mitupu.

Dereva aliyekuja kuwachukua akacheka. "Mama, shika yeyote. Si sura ni ileile?"

"Ndivyo walivyosema na kwetu," akajibu mlezi.

Maana mlezi na pacha wake nao walifanana hivyo, na utotoni mama yao alimfunga mmoja wao uzi mkononi. Siku moja, wakiogeshwa, uzi ukateleza, na mama akaufunga tena kwa kubahatisha. Tangu hapo wakawa wanataniana: labda mimi ndiye wewe.

Mlezi akapiga magoti, akaufungua mfuko wa aproni. Atakayeingia ndiye. Akaingia mmoja, moyo wa mlezi ukatua. Mara wa pili naye akajisukuma, na wa tatu, na wa nne, mkia ukabaki nje. Dereva akaacha kucheka.

Akawatoa taratibu, mmoja mmoja, akawaweka kwenye kreti. Yule wa chini kabisa akamwacha. Huenda ndiye yule asiye na rangi. Huenda pia yule ndiye aliyeondoka, akatafute mfuko kwa watu wasiovaa aproni.

Gari lilipokwenda, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuko una joto, akatoa simu. Safari hii hakungoja. Ikaita, ikaita.

"Nani mwenzangu?" ikauliza sauti yake mwenyewe, kutoka mbali.

"Mimi," akasema mlezi. "Au wewe. Uzi umeteleza tena."



"Usikate," sauti ikasema. "Ngoja nitafute pa kukaa."