Aliyerudisha Mahari

Msambweni nzima ilijua kwamba Amin ametengeneza filamu ya wanawake aliowahi kuwapenda, na kwamba Fauzia yumo. Ndiyo maana ukumbi wa harusi pale Ukunda, ilikoonyeshwa, ulijaa hadi mlangoni. Watu hawakwenda kuitazama filamu, hasha. Walikwenda kumtazama Fauzia akijitazama.

Fauzia alikaa na binti yake, Mwanatumu, mtoto pekee aliyemzaa na Amin. Asingekuja, lakini Mwanatumu alimshikilia tangu asubuhi: twende mama, ni kazi ya baba. Na kwa mtoto huyu Fauzia hakuwa na kinywa cha kukataa. Tangu ndoa ivunjike hakuwahi kumsema Amin vibaya mbele yake. Babako ni babako, ndilo lililokuwa neno lake. Kwa hivyo Mwanatumu alikua akisikia ya mtaani tu, kwamba mamake aliachwa.

Filamu yenyewe, jamani, ilikuwa uji usio na sukari. Mwanamume anazunguka nyumba za wake zake wa zamani akiomba msamaha, na kila anapofunguliwa mlango analiliwa, anapikiwa, anasamehewa. Wa kwanza alilia. Wa pili akalia. Wa tatu alikuwa ndani ya eda, amefiwa na mume mwingine, na bado alimfungulia peke yake, hina mikononi na udi amejifukiza, mambo ambayo mwenye eda hayagusi. Hapo kina mama waliguna. Bi Hanifa, jirani yake Fauzia, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtungaji huyu eda aliisikia redioni.

Kisha akatokea mshonaji, mtoto mgongoni, cherehani dirishani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Mume anamtupia talaka tatu, naye anamshika miguu, anagaragara, anasema atakufa. Miaka inapita, bado yuko dirishani anamngoja.

Fauzia alihisi uso unamwaka. Haikuwa haya, ilikuwa hasira. Hata hivyo alikuwa ameazimia kunyamaza, na angenyamaza, kama Mwanatumu asingemgeukia na machozi machoni.

"Pole, mama," alinong'ona. "Kumbe ulimlilia hivyo?"

Kuonewa huruma na mwanawe kwa uongo ule, hilo lilimshinda.

"Sikumlilia mtu," alisema. "Babako alihamia Mombasa akaniweka tu, haniachi wala hanitazami. Nilimwomba talaka, akakataa. Nikaenda kwa kadhi nikajitoa kwa khului, nikamrudishia mahari yake. Mahari yangu ilikuwa cherehani. Niliibeba mwenyewe, wewe ukiwa mgongoni, nikaitua mbele yake pale kwa kadhi."

"Akaipokea?"

"Akaipakia kwenye bodaboda, akaondoka nayo. Nikashona kwa mkono mpaka nikanunua nyingine. Hiyo ndiyo iliyokusomesha."

"Nami nilikuwapo," alisema Bi Hanifa, ambaye sikio lake halikuwa mbali.

Taa ziliwashwa. Amin, ndani ya suti nyeupe, alishika kipaza sauti akauliza kama kuna mwenye swali. Mwanatumu alisimama kabla mamake hajamvuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akawaambia watu kwa majivuno kwamba huyo ni damu yake.

"Yule mshonaji, ulimwacha wewe au alikuacha yeye?"

Amin alicheka kidogo, akasema filamu ni sanaa, na sanaa lazima itiwe chumvi. Mwanatumu hakuketi. Alisubiri kwa adabu, mikono ameikunja mbele. Amin akatazama pale aliposimama binti yake, akamwona Fauzia, akamwona na Bi Hanifa, shahidi wa siku ile kwa kadhi.

"Aliniacha yeye," alisema. Kipaza sauti kikalipeleka neno hilo hadi nje, kwa wauza mahamri.

Vicheko vilianza nyuma, lakini Fauzia hakuvisikia, wala hakumtazama Amin. Alimtazama msichana aliyesimama kando yake, aliyemuuliza babake jambo zito kama lile bila kumvunjia heshima, na kifua kikamjaa. Huyu nimemlea mimi, alijisemea.

"Ahsante, baba," alisema Mwanatumu. "Hiyo ndiyo filamu niliyokuja kuitazama."