Neno Lililoachwa Kwenye Cheti

Kwa miaka kumi na miwili Bi Mwanamkuu alikuwa akiwafundisha watu wazima wa Kigwa kusoma, ndani ya ghala la karanga lililo nyuma ya stesheni. Ghala lilikuwa mali ya Awadhi, mfanyabiashara wa Tabora mjini, aliyekwisha kusema kwamba baada ya mavuno atalitwaa. Halafu akabadili kauli: ataanzisha tuzo ya mashujaa wa kisomo, Bi Mwanamkuu awe wa kwanza kuipata, na siku hiyo, mbele ya watu, atamkabidhi ufunguo ili ghala liwe darasa daima.

Ndiyo maana bibi huyo, asiyependa sherehe, alikubali kuvikwa shada la maua ya plastiki na kuketi juani.

Alikuwa na kanuni moja, na wanafunzi wake waliijua kuliko majina ya wajukuu wao: soma kilichoandikwa, usisome unachokidhani. Aliyebahatisha neno alirudishwa mwanzo wa mstari, hata awe na mvi.

Awadhi alipokwisha kuhutubia, alitaka mwanafunzi mmoja akisome cheti kwa sauti, watu wayaone matunda. Akasimama Silasi, mrina asali wa miaka sitini, ambaye mwaka juzi sahihi yake ilikuwa dole gumba. Bi Mwanamkuu akakitupia cheti jicho, akaona. Kilipaswa kusema "Shujaa wa Kufuta Kutojua Kusoma". Neno moja lilikuwa limeachwa. Angeweza kukohoa, lakini Silasi alikwisha kuweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Awadhi na Wanawe," akasoma polepole, "wanamtunuku Bi Mwanamkuu, Shujaa wa Kutojua Kusoma."

Uwanja ukaangua kicheko. Benedikta, mwanafunzi mwenzake Silasi, akauliza kama jirani zao wa Igalula nao wanaruhusiwa kuiomba tuzo hiyo. Simu zilikuwa zimeinuliwa; kabla ya adhuhuri kicheko kile kingefika Tabora mjini. Awadhi akamwamuru Silasi arudie, safari hii vizuri. Silasi akarudia, na kidole kikapita palepale.

"Bi Mwanamkuu," akasema Awadhi, "mzee huyu ananidhihaki, au hajui kusoma?"

Kusema kwamba hajui kungeuokoa ufunguo. Silasi alikuwa akimtazama, jasho likimchuruzika shingoni.

"Anajua kusoma," alijibu mwalimu. "Hakuna alipokosea."

Ufunguo haukutoka mfukoni mwa Awadhi.

Jumatatu walikuta kufuli jipya na karatasi iliyobandikwa mlangoni. Hakuna aliyemngoja mwalimu awasomee. Silasi alisogea, akaweka kidole.

"Ghala hili si darasa tena. Atakayeingia atashtakiwa." Akageuka. "Nimesoma sawasawa, Mwalimu?"

"Sawasawa," akasema Bi Mwanamkuu, boksi la chaki likiwa kwapani. Na kwa kuwa hapakuwa na mstari mwingine wa kusoma, wakatawanyika.