Kitendo cha Kungoja

"Imegoma tena," binti alisema, skrini ikimjazia maandishi mekundu toka juu hadi chini.

Mdogo wake, fundi simu, alisimama mlangoni akijikuna kisogo. Ndiye aliyeisasisha kompyuta ya baba yao, kwa nia njema kabisa, na tangu hapo mzee amefunga mdomo. "Mimi nilidhani nasaidia, dada."

"Umesaidia sana. Sasa kachemshe chai."

Baba alikuwa mnadi. Enzi zake mdomo ulikwenda mbio hata watu wakanunua vitanda wasivyovihitaji, kwa hofu tu ya kupitwa. Nyumbani hukupata upenyo wa kuchomeka neno. Mama alikuwa akinyoosha mkono kama mwanafunzi ndipo apewe zamu, wote wakacheka. Kisha kikaja kiharusi. Maneno yalibaki, ila yalitoka mojamoja, mazito, na kimya kirefu katikati. Wageni hawakumwelewa tena.

Mama alikuwa bado hai binti alipoanza kuifundisha kompyuta imsikie baba na kuandika maneno yake kwa herufi kubwa. Mfumo aliotumia kuifundishia ulikuja na vitendo vyake tayari, kama sanduku la zana, na kimoja kilikata sentensi kila msemaji aliponyamaza. Kwa watu wengine, sawa. Kwa baba ilikuwa balaa: akivuta pumzi tu, mashine inaweka nukta na kwenda zake. Basi binti akaandika kitendo chake mwenyewe, cha kungoja, akakikompaili, yaani akakigeuza kuwa lugha ya mashine, papo hapo mezani ili mfumo ukipokee. Shughuli ile ilichukua muda, na mama, akimenya machungwa, aliuliza kila mara, "Hicho nacho bado hakijaiva?" Siku hizi hakuna wa kumuuliza hivyo, na nyumba ni kubwa mno.

Kitendo kilikompailiwa kwa mfumo wa zamani. Huu mpya, uliokuja na usasishaji wa mdogo wake, haukitambui hata kidogo. Binti aliyafukua maandishi yake ya awali, akabadilisha mistari kadhaa, akakikompaili upya. Safari hii hakuna maandishi mekundu. Akakipima kwa sauti za baba zilizohifadhiwa na zote zikapita, hakuna sentensi iliyokatika. Moyo wake ukatulia.

"Shikamoo, baba. Hebu sema kitu."

Baba alimtazama kwa mashaka. "Leo," alisema, na akatulia kulitafuta neno linalofuata.

*Leo.* Ndivyo skrini ilivyoandika, na nukta yake. Mzee aliisoma, akageukia dirisha.

"Usikasirike, baba. Nakuomba." Binti aliogopa kweli. Mzee akikata tamaa sasa, hatasema tena na mtu.

Alirudi kwenye zile sauti alizopimia, akazifungua azisikilize kwa masikio yake. Mdogo wake alikuwa akiingia na chai, akasimama. "Huyu ni baba?"

Alikuwa baba, wa mwaka ule wa machungwa. Alisita, ndiyo, lakini mara neno likafuata, na nyuma yake mama akicheka. Binti alibana midomo. Kumbe baba amekuwa akipungua kidogo kidogo, na yeye anayekaa naye kila siku ameongeza subira bila kujua. Alipima kitendo kwa mtu ambaye hayupo tena. Machozi yakamtoka, hakuyaficha.

"Basi mwongezee muda," mdogo wake alisema taratibu.

"Nitaongeza mara ngapi?"

Alikifuta kikomo chote cha muda wa kungoja. Pahali pake akaandika kwamba sentensi itakwisha baba mwenyewe akigonga meza, si kabla. Akakompaili tena, wote watatu wakinywa chai.

"Ukimaliza, gonga, baba. Kama nyundo yako ya mnadani. Usipogonga, hakuna wa kukukatiza."

Pembe ya mdomo wa mzee ilicheza. Akasogeza kiti.

"Leo," alisema. Skrini ikaandika, ikangoja. Chai ilipoa. "Nime... mkumbuka." Ikangoja tena. "Mama... yenu."

Mdogo wake aliinamisha kichwa. Baba aliinua ngumi juu ya meza, tayari kugonga. Kisha akaishusha polepole, akailaza gotini, na pale skrinini, mbele ya maneno "Mama yenu", alama ndogo ya kungoja neno linalofuata ikaendelea kupepesa.