Mpira wa Kushoto

Hakuna aliyemjua yule mama aliyeingia uwanjani saa mbili asubuhi, goti limefungwa bandeji, raketi imo ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe. Niliyepangiwa kucheza naye tenisi siku hiyo alikuwa ameamka na homa, na katibu wa klabu akamweka huyu, mwanachama wa juzi tu, mshona maturubai. Mshindi kati yetu angepata nafasi ya mwisho katika timu ya klabu. Nafasi hiyo nilikuwa nikiiota tangu nimalize chuo.

Nilimwamkia kwa heshima, na moyoni nikamhurumia. Pale klabuni mimi huitwa Radi, kwa sababu ya pigo langu la kulia.

Mechi ilikuwa saa tatu. Saa nzima ile yeye alinyoosha miguu, akapiga mpira ukutani, akazunguka pembe zote za uwanja akiukanyagakanyaga udongo. Mimi nilikuwa kibarazani na shemeji yangu, kapteni wa timu, tukinywa chai na kubishana nivae jezi namba ngapi.

Mechi ilipoanza, yule mama hakuchukua muda kunisoma. Nina tabia moja: mpira ukija kushoto, nauzunguka mbio ili niupige kwa kulia. Alinipa wa kushoto, nikauzunguka, na upande wa kulia ukabaki wazi kama nyumba iliyohamwa. Mpira wa pili akauweka huko, taratibu. Goti bovu lilikuwa lake, lakini aliyekimbia ni mimi. Sita kwa moja, sita kwa mbili.

Shemeji alisema radi ya leo ilikuwa kelele tu, mvua hakuna.

Nilimfuata yule mama kwenye benchi na kumweleza habari za jua, upepo na nyuzi za raketi zilizolegea. Alinisikiliza huku akifungua bandeji, kisha akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nipo kiwandani, nachapa vitabu. Akataka kujua kama huwa nawasha mashine na kuchapa moja kwa moja. Nikacheka. Hata kidogo, kwanza natoa karatasi za majaribio, natazama rangi, narekebisha.

"Na hapa je? Karatasi ya majaribio ilikuwa ipi, ile chai?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Kushoto huna kitu, mwanangu. Unajua?"

"Najua, mama. Nilidhani watu hawaoni."

"Mficha uchi hazai," akasema. "Siku thelathini usiuzunguke mpira wa kushoto. Upige hukohuko ulikokuja. Utafungwa na watu unaowafunga leo. Utaweza?"

Nikamwahidi kwamba nitaweza.

Kuanzia kesho yake nilifika kiwandani saa nzima kabla ya kazi, nikaupiga mpira kwenye ukuta wa ghala, kushoto tu. Siku za mwanzo mipira mingi iliishia kwenye majani. Fundi wa mashine alisema ukuta ule sasa unastahili likizo ya ugonjwa. Wiki ya pili bega liliacha kuuma. Wiki ya tatu nikaanza kujua, kabla hata sijapiga, ni mpira upi utakaoniponyoka na kwa nini.

Ndipo mchezaji mmoja wa timu akateguka mguu. Shemeji alikuja nyumbani kunipa habari: Jumapili nicheze na mwanachama mwenzetu tunayemwita Chura, na atakayeshinda ameingia. Chura nilikuwa nikimfunga nitakavyo. Shemeji alinishauri niiweke kando ile toba ya mshona maturubai kwa siku moja tu, kwani nani atajua?

"Mimi nitajua, shemeji."

Jumapili nilifika mapema, nikapasha mwili, nikaukagua uwanja. Hata hivyo tulifika seti ya tatu, Chura akiwa na tano, mimi nne, naye amebakiza pointi moja tu. Mpira wake ukaja kushoto, wa juu, wa polepole. Muda wa kuuzunguka nilikuwa nao tele. Miguu ikaanza yenyewe kwenda, nikaizuia. Nikageuza bega, nikaupiga kwa kushoto.

Sikuwahi kupiga vizuri vile upande ule. Mpira uligonga ukingo wa wavu, ukasita, ukaangukia upande wangu. Kibarazani, shemeji alifunika uso kwa kofia.

Nilimpa Chura mkono na kumpongeza kwa kuingia timu. Kisha nikaokota mipira yangu na kuitia mfukoni. Zilikuwa zimebaki siku tisa.