Mgonjwa Amekataa

Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hivyo hawakukosea. Mimi aliyenila tulilala naye kitanda kimoja utotoni, tukavaa gauni moja kwa zamu: dada yangu Leticia.

Miaka mitatu iliyopita sikio langu la kushoto lilianza kuvuma. Nafundisha kwaya ya Kilutheri hapa Makorora, Tanga, na mwalimu wa kwaya asiyesikia vizuri ana kazi gani pale mbele? Leticia akanipeleka Dar, nikapigwa kipimo kikubwa cha MRI. Majibu yalipotoka, daktari hakuniita mimi, alimwita mwenye mgonjwa. Kwetu ndivyo: habari nzito hapewi mgonjwa, hupewa anayemuuguza. Leticia akaingia, akakaa weee, akatoka anatabasamu.

"Mishipa tu, Devota. Kasema utazoea."

Nikazoea. Mwaka jana sikio likawa halisikii simu, mwaka huu nikaanza kuyumba hadi wanakwaya wakanong'ona kwamba mwalimu kaanza pombe. Mimi! Mwezi uliopita nikasikia mabingwa wa hospitali ileile ya Dar wanakuja kliniki Tanga, nikaenda peke yangu.

Dokta Mazin akafungua kompyuta yake, akasoma, akanitazama.

"Mama, mbona ulikataa upasuaji?"

"Upasuaji gani?"

Akageuza kioo nisome. Uvimbe usio saratani, umeota kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, chini kabisa ya fuvu. Nadra, lakini unatolewa. Mwisho kabisa, picha ya fomu: mgonjwa amekataa. Na sahihi ya Leticia, naijua kama sura yake.

Yesu wangu!

"Ulikuwa kama punje ya choroko," Dokta akasema taratibu. "Tungeutoa mapema, huenda sikio lingebaki. Sasa ni kama ndimu, unasukuma ubongo. Tutautoa, lakini sikio hilo limekwenda, mama. Sasa tutapigania uso wako usipinde, maana mshipa wake umepita hapohapo."

Sikulia pale. Nilitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, nikapewa tarehe ya kupasuliwa Dar, nikaenda moja kwa moja kwa Leticia. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Hata shikamoo yake sikumpa.

"Nani alikataa upasuaji?"

Ungo ukamtoka. Hakuuliza upasuaji gani.

"Mama alifia mezani wakimpasua, Devota, unajua mwenyewe. Tena hapa wanataka kupasua kichwa! Nimebaki na wewe tu."

"Ndiyo uniue kidogo kidogo? Miaka mitatu unaniona nageuza shingo ili nisikie, unanisogezea kiti, unaniambia pole! Pole ya nini, mnafiki wee? Kichwa ni changu. Ungeniambia, nikaamua mwenyewe. Kwa nini hukuniambia?"

Alilia kwanza. Nikamwacha alie, maana huruma ilikuwa imenikauka. Kisha akasema, macho yake chini kwenye mchele uliomwagika:

"Kwa sababu nilijua utakubali."

Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga. Ningekubali, ndiyo! Ningekubali siku ileile, na leo ningekuwa nasikia kwa masikio mawili. Alilijua hilo, ndiyo maana akanifungia mlango.

Nikamwambia Dar nitakwenda na Bibiana wa kwaya, na wakiniuliza kama nina ndugu, nitasema sina.