Nilishuka Garini Nikicheka

Niseme mapema: mimi si mtu wa kununiwa. Nigombeze, nitukane, nirushie hata mwiko, tutamalizana. Lakini kununiwa, hapana, siwezi. Na dada yangu Rebeka alininunia siku arobaini na mbili, ndani ya nyumba moja, tukichota maji kwenye pipa moja.

Sikuwa na pengine pa kwenda. Ujerumani, nilikoishi miaka ishirini na moja, nilikuwa nimerudisha funguo za chumba, nimeaga kazini, nimegawa makoti yote. Mke niliyempata kule tulishaachana zamani, na watoto hatukujaliwa. Nikajisemea, Chediel, rudi Kintinku ukakae na dada yako, mzeeke pamoja, maana ndiye aliyebaki. Mpango wangu wote ulikuwa huo. Rebeka asiponitaka, sikuwa na mpango wa pili.

Siku ya kufika nilikodi gari kutoka Dodoma. Tulipofika Bahi nikampigia Rebeka kumwambia niko karibu. Gari lilipokata kona ya nyumbani nikaona watu wamejaa uani. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga wamejifunga viunoni, wanaume wako upande wa zizi, na wote kimya. Furaha ikanipanda mpaka kooni. Nikasema, jamani, watu hawa wananipenda, kijiji kizima kimekuja kunipokea!

Nikashuka nikicheka, miwani ya jua usoni, mikono juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Haya, nimerudi! Mbukwenyi!" Hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo. Nikatoa simu nikaanza kuwarekodi. Binamu yangu Sixbert alijaribu kutabasamu, ikamshinda, akatazama chini. Mimi huyo, nikafungua begi, nikaanza kugawa chokoleti mkeka kwa mkeka. Bibi Selina, rafiki mkubwa wa marehemu mama, alipokea yake akaiweka chini bila kuitazama.

Nikamfikia dada. "Shikamoo dada!"

"Marahaba."

Nikamkumbatia. Alikuwa mgumu kama mchi. Akanitazama usoni muda mrefu, kama anayetafuta kitu, kisha akasema, "Umechoka na safari. Nikuwekee maji ya kuoga." Akainama akakunja mkeka wake. Wengine nao wakakunja ya kwao. Haikupita robo saa uani tukabaki mimi, mabegi yangu, na dereva anayekula chokoleti.

Nikakasirika kweli. Nikasema ni wivu tu. Walitaka dola, wameona peremende, wamesusa. Watu wa kijijini bwana! Nililala na hasira hiyo na kesho yake nikaamka nayo.

Rebeka hakunifanyia ubaya wowote, na afadhali angenifanyia. Alinipikia, alinifulia, alinitandikia. Ugali wa mtama na mlenda anauweka mbele yangu, halafu yeye anakwenda kula jikoni. Nikimuuliza, "Dada, mvua zilikuwaje mwaka huu?" ananijibu, "Zilikuwepo." "Na mpunga?" "Tulipata." Nikiwa chumbani namsikia anacheka na majirani, kicheko chake kile kile cha zamani. Nikitokeza kichwa, kicheko kinakatika. Jamani, inauma. Nilikaa miaka mingi peke yangu ugenini lakini upweke wa kule nilikuwa nimeuzoea. Huu wa kusikia sauti ya dada yako ukutani sikuwa nimewahi kuuonja.

Nikajitahidi kwa njia ninazozijua. Nikaweka umeme wa jua. Nikabadilisha mabati yaliyooza. Kaburi la mama, lililo nyuma ya nyumba karibu na ua wa minyaa, nikaleta fundi kutoka Manyoni akalijengea vigae vyeupe, jina na tarehe. Nikamwita Rebeka aje aone. Akaja, akasimama, akasema, "Vinang'aa." Akarudi jikoni kwake.

Na huko nje kila mtu ananiita mgeni. "Mgeni, umeamkaje?" Mimi, niliyezaliwa pale, niliyechunga mbuzi mpaka kule mbugani! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya arobaini nilikuwa bado mgeni, na jembe hakuna aliyenipa.

Jumamosi moja nikapasuka. Alikuwa ananiwekea chakula, nikapiga meza. "Nimekukosea nini, Rebeka? Sema! Kama hunitaki, niambie nijue moja!"

"Kula. Ugali unapoa."

Sikula. Nikatoka mbio kama mwehu mpaka kwa Bibi Selina. Nikamkuta kivulini anamenya karanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani huyo, mgeni?"

"Bibi, hata wewe? Mimi ni Chediel!"

"Chediel nilimjua. Angekuwa yeye, angekuja kumlilia mama yake."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Ulidhani wale watu walikuja kukupokea?" akasema, mikono yake haisimami. "Wewe nani, waziri? Walikuja kulia na wewe. Mtu akifiwa akiwa mbali, siku anapokanyaga uwanja wa kwao anaanza kwa kulia. Hasalimii, haketi, hanywi maji. Analia, tunamshika, tunalia naye, hata iwe imepita miaka kumi. Halafu ndiyo tunasalimiana. Hukuyaona haya ulipokuwa mtoto? Baba yako mdogo alivyotoka Tabora?"

Niliyaona. Nilikuwa na miaka tisa, babu amekufa tangu mwaka uliotangulia. Baba mdogo alishuka kwenye treni akaanza kupiga kelele njiani, na alipofika uwanjani wanaume wawili wakamdaka asianguke. Nilikuwa nayajua yote hayo. Niliyasahau, ndiyo ukweli, na hakuna aliyenilazimisha kuyasahau.

"Nililia kule kule, bibi," nikajitetea.

"Nani alikushika?"

"Hakuna."

"Basi hukulia. Ulitokwa na machozi tu." Akatupa maganda. "Dada yako hajaanua matanga mpaka leo. Tumemwambia aanue, amekataa. Anasema ataanuaje na mdogo wake hajafika? Miaka miwili na nusu! Siku ya mazishi alikuwa anahangaika na wageni, hakupata hata nafasi ya kulia vizuri. Alikuwa anakusubiri muanze pamoja. Wewe ukamletea peremende."

"Chokoleti."

"Toka hapa!"

Nikatoka. Njiani kilichonisumbua zaidi ni kwamba hata bibi nilikuwa nimemdanganya. Machozi hayakunitoka kule. Mama alipokufa makaratasi yangu yalikuwa yanasubiri uamuzi wa uhamiaji, ningetoka nisingerudi. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha inaganda, inarudi, inaganda. Kesho yake nikaingia zamu. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kule mzee akifa unafungua dirisha, unamwosha, unabadilisha mashuka, na kabla ya chakula cha mchana kitanda kimepata mwingine. Ukilia, unaambiwa ukapumzike nyumbani, maana hufai siku hiyo. Nilijifunza kutolia kama mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli, na nikawa hodari sana.

Jumapili baada ya kanisa nikaamua kurekebisha. Nilikuwa nimejaribu kulia nyuma ya zizi, nikifikiria mambo ya huzuni moja baada ya jingine, hakuna kitu, mbuzi wananitazama tu. Nikasema, liwalo na liwe. Nikaenda mpaka barabarani, nikageuka, nikaanza kurudi nyumbani kama ndiyo nafika. Rebeka alikuwa uani anapepeta mtama. Nilipokaribia minyaa nikapaza sauti: "Mamaaa! Mama yangu weee!"

Sauti ikatoka kama ya dalali mnadani. Macho makavu. Nikaendelea hatua tatu nne hivi, mikono kichwani.

Rebeka akashusha ungo. "Acha, Chediel. Watu wanapita."

Aibu niliyoipata siku ile sijui niiseme vipi. Na mimi aibu ikinishika inageuka hasira hapo hapo.

"Ndiyo, siwezi!" nikamfokea. "Nimesahau! Unataka nifanye nini? Siku anakufa nilikuwa namwosha bibi mmoja wa Kijerumani, anaitwa Bibi Lemke. Simu inatetemeka mfukoni, siruhusiwi kuipokea. Nikamwosha mpaka mwisho, nikamchana nywele, nikampaka mafuta miguuni, kidole kwa kidole. Ndipo nikatoka koridoni nikakuta umenipigia mara kumi na moja. Nimewaosha mama za watu miaka kumi na tano, Rebeka! Wangu sikumwosha hata mkono!"

Alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakuondoka kwenda jikoni.

Nikaketi chini kwenye mavumbi. Nikauliza swali la kazini, ndilo lililokuja mdomoni. "Alikuwa na vidonda vya mgongoni?"

"Hakuwa na hata kimoja."

"Alilala kitandani miezi mingapi?"

"Kumi na moja."

Miezi kumi na moja bila kidonda. Wenye kazi yangu wanajua maana yake. Kule tulikuwa wawili kwa kila mzee, tuna mashine ya kunyanyulia, tuna magodoro ya upepo, na bado vidonda vilikuwa vinatushinda.

"Ulikuwa unamgeuza na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu. Kila baada ya saa mbili. Usiku natega simu iniamshe."

"Alikuwa anaumia?"

"Alikuwa anaumia." Rebeka akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Mwisho mwisho akili zilikuwa zinapotea. Kila nikimshika kumgeuza anasema, 'Chediel, polepole.' Mwanzo nilikuwa namwambia, mama, ni mimi Rebeka. Anasema, 'Sawa, Chediel.' Nikachoka kumrekebisha. Nikawa naitika tu. 'Chediel, polepole.' Namwambia, ndiyo mama."

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo na kilichotoka hakikuwa neno. Sikujua kwamba kinywa changu kina sauti ile. Nikajaribu kuizuia kama tulivyofundishwa kule, kuvuta pumzi, kuhesabu, ikanishinda. Nikaangukia ubavu pale pale kwenye pumba za mtama, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, nikamwita mama kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nilisikia ungo unasukumwa pembeni. Kisha mikono ikanikamata kwapani kutoka nyuma, mikono yenye nguvu, iliyozoea kunyanyua mtu asiyejiweza. Rebeka alinivuta akaniegemeza kifuani mwake. Nilihisi mbavu zake zinatikisika, halafu akatoa kilio, kile kirefu chenyewe, kinachosikika mpaka stesheni. "Mama weee! Mama yanguuu!" Alikuwa amekishikilia miaka miwili na nusu.

Watu wakaanza kuja. Kilio kama kile hakisubiri mwaliko, anayekisikia anaacha alichoshika anakuja. Sixbert alitokea upande wa zizi. Nikamwona Bibi Selina kwa mbali anakuja na fimbo yake, naye ameshaanza kulia. Wa kwanza kutufikia alikuwa Jenipher, mwanamke mmoja aliyehamia kijijini mwaka jana, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa anahema, mikono ina unga.

"Nani? Jamani, nani amekufa?"

Rebeka hakuniachia.

"Mama," akamwambia. "Mama yetu amekufa."

Jenipher hakuwahi kumwona mama hata siku moja. Alivua kandambili zake, akaketi chini karibu nasi, akanishika mkono, akaanza kulia.