Vidole Vilivyohesabiwa kwa Macho

Kitu cha kwanza alichokigundua msichana kilikuwa kidogo sana: Shangazi alikuwa akivitazama vifungo vyake. Miaka yote alifunga koti la kazi huku anaongea, kidevu juu, vidole vikishuka vyenyewe kutoka kifungo hadi kifungo kama watu wanaoijua njia ya nyumbani. Asubuhi ile aliinamisha kichwa, akavitazama kimoja kimoja, na mkono wa kushoto ukakosea tundu mara mbili.

Msichana aliona, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikompa jina. Pale walipofanya kazi ya kufua, wote walimwita Kimya, na Mama Pacha wa meza ya kukunja, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alisema Kimya akitaka kupiga chafya huomba ruhusa kwanza.

Walifua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Shuka likishakamuliwa, watu wawili hulishika likiwa bado na unyevu. Mmoja husimama kichwani, yaani mbele kabisa ya mashine ya pasi, penye roli mbili nene za chuma zinazozunguka zikiwa za moto, naye ndiye huzilisha zile roli. Wa pili hushika mkia, hulivuta shuka ili lisiingie na makunyanzi. Shangazi alikuwa kichwani kwa mwaka wa kumi na moja. Kimya alikuwa mkiani. Sheria ya pale ilijulikana hata na mfagiaji: wa kichwani akitoka, mshika mkia anapanda.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu alipoacha shule darasa la tano, na ndiye aliyemfundisha kazi. Hakuanza na mashuka, alianza na miguu. Simama, uzito uusikie kwenye visigino. Beseni usiliinamie kwa kiuno, kiuno si bawaba, kunja magoti. Ukiinua, toa pumzi. Bega likipanda sikioni, lishushe, hakuna aliyeliita huko. "Mwili ni mgonjwa mpole," alimwambia. "Huanza kwa kunong'ona. Ukingoja upige kelele, umechelewa."

Ni yeye pia aliyewazoesha wenzake kuhesabu vidole. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, wanawake wote tisa walisimama wakafumba macho, wakagusanisha dole gumba na kila kidole, taratibu, mkono huu kisha huu. Ambaye kidole chake hakikuitika, kwa baridi au kwa uchovu au kwa mawazo ya nyumbani, siku hiyo hakusogelea roli.

Siku ya vifungo, Kimya alifumbua jicho moja. Wenzake wote walikuwa wamefumba. Shangazi peke yake alikuwa ameyatoa macho, anavitazama vidole vyake vya kushoto vikigusana, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Alivihesabu vyote. Hakuvisikia.

Tangu hapo Kimya hakuweza kuacha kuona. Shuka lilimletea habari mikononi: upande wa kulia ulivutwa sawasawa, wa kushoto ulilegea, ukakazwa ghafla, ukalegea tena. Nyumbani, Shangazi alishika mpini wa sufuria uliokuwa motoni, akaendelea na hadithi yake mpaka Kimya alipomnyang'anya. Lengelenge lilipotokea, Shangazi alicheka akasema ngozi ya dobi ni ngozi ya kiatu. Kisha akaacha kucheka, akavuta mkono wa koti hadi kwenye vidole. Hawakulizungumza tena.

Kimya alijua la kufanya. Alilipanga kichwani akitembea kwenda kazini: aende kwa msimamizi, aseme mkono wa Shangazi una ganzi, ahamishiwe meza ya kukunja. Maneno hayakufika hata kumi. Lakini kila alipofikia neno "ahamishiwe," pumzi ilikwamia juu kifuani, naye akahesabu hatua badala ya maneno.

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Msimamizi hakuwa mjinga. Aliona mashuka mawili yametoka yamepinda, akamsubiri Kimya mlangoni, akamuuliza kwa upole kama shangazi yake ni mzima, maana yeye ndiye anayemshikia mkia.

"Mzima," Kimya alisema.

Msimamizi akacheka, akasema basi leo amebahatika kuisikia sauti yake. Akaenda zake.

Ilitokea siku ya nne baada ya hapo, mchana kweupe, jua limejaa madirishani. Mama Pacha alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyowaosha watoto wao pacha, akamwosha mmoja mara mbili na mwingine akabaki na tope lake. Watu walicheka. Shangazi naye alicheka, akageuza uso kumjibu, kama ageukavyo mtu yeyote ambaye mikono yake inaijua kazi.

Shuka likaenda. Kimya alilisikia mkononi likienda kwa uzito usio wake, taratibu, bila kulegea upande wowote. Aliinua macho. Mkono wa kushoto wa Shangazi ulikuwa umeingia pamoja na shuka mpaka kwenye kifundo, na Shangazi bado anacheka na Mama Pacha. Harufu ilimfikia Kimya, lakini maumivu hayakumfikia Shangazi. Kimya alikipiga kitufe chekundu kwa kiganja, roli zikasimama, na kwenye ule ukimya Shangazi akageuka, akautazama mkono wake. Aliutazama tu, kama alivyotazama vifungo.

Hospitali waliukata juu kidogo ya kifundo. Daktari alisema ganzi ile haikuwa ya jana, na kwamba angeletwa mapema pengine wangeitibu.

Kesho yake mashine iliwashwa, na Kimya akapandishwa kichwani. Hakuna aliyemuuliza. Alisimama na uzito visiginoni, akatoa pumzi, akazilisha roli saa nane nzima huku akirudisha vidole nyuma mapema kila shuka lilipoingia. Jioni alikwenda wodini na koti la kazi mwilini.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani, amepungua kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Kimya alimfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja. Shangazi alimwacha afunge, kisha akasema anajua kwamba Kimya alijua. Alimwona siku ile jicho limefumbuka. Akasema mtu mwingine angekimbia kusema, na yeye angefukuzwa kichwani, mahali pekee alipokuwa mtu.

"Ulinisitiri, mwanangu," alisema. "Damu ni nzito kuliko maji. Mungu akulipe."

Kimya alibaki na kifungo cha mwisho kati ya vidole. Kilikuwa baridi, alikisikia vizuri sana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akatulia. Alijaribu kutoa pumzi, na safari hii maneno yakatoka nayo.

"Sikukusitiri, Shangazi. Nilijua ukitoka kichwani nitawekwa mimi. Niliziogopa zile roli, nikakuacha wewe uzisimamie."